Mafiga ya ugenini

Ukitoka Singida kwenda Nzega, kabla hujafika Shelui unashuka Mlima Sekenke. Malori yanateremka kwa gia nzito, breki zinanuka, na mbele yako mbuga ya Wembere imetandazwa kama mkeka. Hapa Wajerumani waligundua dhahabu, na kwa dhahabu hiyo zikatengenezwa Tabora, mwaka 1916, sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Habari za mashimo na mawe yenye mali utazisikia mpaka uchoke. Mke aliyemfuata mchimbaji huku hasimuliwi na mtu.

Mfikirie aliyekulia Bukoba kwenye migomba, akaolewa na mchimbaji, akajikuta huku Iramba kwenye jua kali na ugali wa mtama. Kitu cha kwanza anachotafuta ni mawe matatu. Cha pili ni jirani. Jirani Mnyiramba ndiye atakayemfundisha mlenda: maji yachemke kwanza, tia magadi kidogo, mimina majani makavu yaliyotwangwa, koroga, na usifunike sufuria. Wiki ya kwanza watoto wanakunja uso. Mwezi wa tatu wanagombania kukomba. Anayefanya kazi hiyo yote, ukimuuliza kazi yake, atakujibu, "Niko nyumbani tu." Hilo neno "tu" linanikera.

Linanikera kwa sababu katika Jimbo hilihili la Kati, kama lilivyoitwa enzi za Waingereza, walipita wanawake waliotoka mbali zaidi, nao wakaanza kwa jiko. Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Tanganyika ilipokea wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, ikawaweka Kondoa, humuhumu jimboni, na pia Tengeru, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Baadhi ya Wapoland waliohamishwa na Wasovieti miaka hiyo walitoka Vilnius na vijiji vyake. Mji huo ulikuwa wa Poland hadi mwaka 1939, ukakabidhiwa Lithuania, kisha mwaka 1940 Lithuania yenyewe ikamezwa na Umoja wa Kisovieti. Usiku wa kuamkia Juni 14, 1941 familia za Lithuania zilianza kuamshwa na kupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kwenda Siberia. Watu wapatao 17,000 walichukuliwa siku hizo. Mama alipewa muda mfupi wa kuamua abebe nini. Nguo? Unga? Picha ya harusi?

Wapoland walionusurika baridi na njaa, wakaruhusiwa kutoka pamoja na jeshi la Poland la Jenerali Anders, walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wakaenda vitani, na mwaka 1944 wengi wakapigana Monte Cassino kule Italia. Wake na watoto wakapanda meli kuja Afrika Mashariki. Tengeru, kambi kubwa kuliko zote, ilikuwa na watu wapatao 5,000, katika vijumba vya mviringo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi.

Na ndani ya vijumba hivyo walifanya nini? Walipanda maua mlangoni. Walilima mboga, wakashona, wakawauguza watoto malaria, ugonjwa ambao mama zao hawakuwahi kuwaeleza namna ya kuupambanua. Waliwafundisha watoto lugha ya nyumbani, hali nyumbani penyewe hapakuwa tena pa kurudi. Karibu 150 kati ya wakimbizi hao wamezikwa palepale Tengeru, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Vita vilipokwisha, wengi walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia, wakaanza upya kuchagua pa kuweka sufuria.

Sekenke nako, shimo likikauka, mume husikia habari za Geita au Chunya, na safari inaanza tena. Mke anafunga mwiko, kinu kidogo na godoro. Mafiga anayaacha. Ila safari hii, katikati ya nguo za mtoto, amechomeka kifurushi cha mlenda mkavu.