Chumvi yenye madini joto hupimwaje?

Chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara hupanda hadi kwetu Masasi na Newala kwa magunia. Nani atapima kila gunia? Mkaguzi huchota sampuli katika magunia machache. Tone la dawa likiigeuza chumvi bluu, madini joto yamo. Ni kiasi gani, tone halisemi vizuri. Maabara hutoa namba.

Tuseme magunia matano yana miligramu 34, 36, 35, 33 na 37 kwa kilo: wastani 35. Shehena nyingine ina 5, 70, 8, 80 na 12. Wastani ni 35 vilevile! Hii ya pili haikuchanganywa sawasawa, ikataliwe. Nyumbani chumvi yatakiwa kuwa na walau miligramu 15, na mjamzito anayepikia ile ya 5 huhatarisha ubongo wa mtoto tumboni, mbali na rovu. Kwa hiyo mkaguzi hutazama wastani pamoja na jinsi namba zilivyoachana. Zikiachana sana, hudai wastani wa juu zaidi.

Akina mama, chumvi ya mawe msiioshe: madini joto huondoka na maji. Ifunikeni, muitie chakula kikikaribia kuiva.