Nyuzi za Kijani za Maji Baridi: Umbo, Nasaba na Istilahi ya Kiswahili katika Nile Magharibi

Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, suala la istilahi za sayansi lilitoka kamusini likaingia madarasani. Neno mwani ni mfano mmoja. Asili yake ni pwani: kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kinahusu Eucheuma na Kappaphycus, ambao ni mwani mwekundu wa baharini. Mwalimu wa Ajia, wilayani Arua, atakaye kueleza nyuzi za kijani zitandazo juu ya maji ya kijito, hana budi kuliazima neno hilo, na pamoja nalo huazima utata.

Utata wenyewe ni wa kale. Mwaka 1753 Linnaeus alizikusanya nyuzi nyingi za majini katika jenasi moja, Conferva, kwa kigezo cha umbo. Hadubini ndiyo iliyozitenga. Spirogyra haina matawi. Kloroplasti yake ni utepe uliojisokota, nayo huteleza mkononi kwa ute unaoifunika. Cladophora kwa kawaida ina matawi, hukwaruza kidogo, na kila seli yake ina viini vingi. Oedogonium haina matawi, kama Spirogyra, lakini hutoa seli za uzazi zinazoogelea kwa taji la flajela, ilhali Spirogyra haina seli hata moja yenye flajela.

Ulinganishaji wa DNA umebainisha zaidi. Oedogonium na Cladophora zimo katika Chlorophyta, kila moja katika ngeli yake (ngeli ya kibiolojia, si ya kisarufi). Spirogyra imo katika Streptophyta, tawi lilelile lililozaa mimea ya nchi kavu, na kundi lake, Zygnematophyceae, sasa huhesabiwa kuwa ndugu wa karibu zaidi wa mimea hiyo. Kwa nasaba, basi, Spirogyra iko karibu zaidi na muhogo wa shambani kuliko na Cladophora iliyoshika jiwe kando yake. Umbo la uzi limezuka zaidi ya mara moja, katika koo tofauti.

Nile Magharibi inaufahamu mfano wa aina hii. Kilugbara cha Arua ni lugha ya Sudani ya Kati. Kikakwa cha Koboko ni cha Waniloti wa Mashariki. Ujirani haukuzifanya kuwa ndugu wa karibu. Ulinganisho huu una mpaka wake: lugha huazimana maneno, ilhali nyuzi hizo hufanana kwa kuishi katika mazingira yanayofanana.

Athari za istilahi huonekana zaidi katika usimamizi wa maji. Oscillatoria nayo ni uzi, lakini ni sianobakteria, na baadhi ya sianobakteria hutoa sumu. Afisa wa maji akiandika “mwani” kwa vyote hivyo, msomaji wa ripoti hawezi kujua kama maji yapimwe sumu au nyuzi ziondolewe tu kwa reki. Neno mwani-uzi lafaa, mradi litaje umbo pekee. Sianobakteria wabaki na jina lao, na jina la jenasi liandikwe kila inapowezekana kuitambua.