SOMO LA LEO: KUSOMA HABARI ZA MAISHA YA MTU

Sogeeni karibu na redio. Leo tuna neno moja jipya, nalo ni wasifu. Lisomeni taratibu: wa-si-fu.

Wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika habari zake mwenyewe, hiyo huitwa tawasifu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika zote mbili. Habari zake mwenyewe aliziita Maisha Yangu. Kitabu chake kingine ni Wasifu wa Siti binti Saad. Tushike hiki cha pili.

Siti alikuwa nani? Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, wapata mwaka 1880, na wazazi wake walikuwa watumwa. Hata jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, alipojulikana kwa kuimba. Mama yake alifinyanga vyungu, naye alivichukua kwenda kuviuza, akiwaita wanunuzi kwa sauti. Sauti ile ilisikika mbali. Alipohamia mjini, wapata mwaka 1911, wako waliomcheka kuwa ni mtu wa shamba aliyekuja amevaa kaniki. Kaniki, mnajua, ni nguo nyeusi ya bei rahisi. Basi mwaka 1928 yule yule wa kaniki alisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Kabla yake hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki aliyefanya hivyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Utotoni Siti hakupelekwa chuoni wala shule. Hakuandika kitabu cha maisha yake. Je, Shaaban Robert aliyajuaje mambo haya? Alimwendea, akaketi naye, akamwuliza. Siti alikuwa mzee wakati huo, na muda mfupi baadaye, mwaka 1950, akafariki. Lau mwandishi angalichelewa kidogo, mengi ya utoto wake yangalizikwa naye. Sahani za santuri zimehifadhi sauti yake, lakini hazisemi ni nani aliyefinyanga vile vyungu.

Kitabu cha namna hii husomwa kwa maswali. Neno wasifu ni ndugu wa neno sifa. Mwandishi anayempenda mtu wake huona mema upesi kuliko mabaya, na Shaaban Robert alimheshimu sana Siti. Jambo hilo halifichiki. Mimi sioni kosa hapo. Lakini ukifika mahali anapomsifu, simama kidogo, ujiulize: jambo hili aliliona kwa macho yake, au aliambiwa? Aliyemwambia ni Siti mwenyewe, au mtu mwingine? Tena mzee akisimulia utoto wake hukumbuka njaa na safari, lakini miaka humpotea. Ndiyo maana nimesema “wapata mwaka 1880”, wala sikutaja siku. Na tawasifu nayo ina shida yake. Anayejiandika anajua yote, ila ni yeye achaguaye la kuficha.

Kama nyumbani kuna kijana asomaye shule, kisome kitabu hiki pamoja naye kwa sauti. Yeye atakusaidia maneno magumu, nawe utamweleza kaniki ni nini.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwendee mzee mmoja wa mtaani au kijijini kwako. Mwulize alizaliwa wapi, mama yake alifanya kazi gani, na jina lake alilipataje. Andika mistari mitano katika daftari. Chini yake andika ni nani aliyekuambia, na siku aliyokuambia. Juma lijalo, saa hii hii, tutasahihisha pamoja.