Mwanafizikia wa Tiba Atoke Darasani Mwetu

Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, jijini Kampala, iliharibika, na Uganda ikakosa tiba ya mionzi hadi nyingine ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2017. Aliyeifuata tiba hiyo Nairobi kwa barabara alivuka mpaka hapa kwetu, Busia au Malaba.

Tukizungumzia tiba hii, sisi hutaja mashine na daktari. Hatumtaji mwanafizikia wa tiba, ilhali yeye ndiye akokotoaye kiasi cha mionzi. Kobalti 60 hupoteza nusu ya nguvu zake kwa takriban miaka 5 na miezi 3; kwa hiyo dakika zilizotosha mwaka jana hazitoshi mwaka huu. Kwa mtoto hesabu hiyo ni nyeti zaidi, kwani ubongo na mifupa yake ingali ikikua. Mionzi ikipungua, saratani huweza kurejea. Ikizidi au ikikosea shabaha, mtoto huweza kubaki na kilema.

Katika Kiswahili cha kila siku kazi hii haina jina lililozoeleka, na ni vigumu mwanafunzi kutamani kazi ambayo hajapata kuisikia ikitajwa. Basi, mwalimu wa fizikia wa Busia na Malaba, ufikapo kwenye somo la mionzi, usiishie kwenye mtihani. Itaje kazi hii kwa jina, na uwaeleze wanafunzi kwamba hesabu iliyo ubaoni ndiyo inayopima dawa ya mtoto mgonjwa. Mashine hununuliwa, mjuzi wake hulelewa shuleni.