Doa usoni si uchafu wa kusugua

UKIPITA katika vichochoro vya River Road jijini Nairobi, hutakosa kumwona mwanadada amesimama mbele ya duka la vipodozi akijikagua kwa kioo kidogo. Mwenye duka huwa amekwisha kumsoma. Humtolea kikopo kisicho na jina la aliyekitengeneza na kumwambia, "Dada, hii paka usiku tu. Wiki mbili, hayo madoa hutayaona."

Na mara nyingi husema kweli. Wiki mbili zikipita, madoa huwa yamefifia. Taabu huanza baadaye, nayo si taabu ndogo. Lakini kabla ya kufika huko, ni vyema kulieleza jambo hili kuanzia shinani.

Doa lenyewe ni nini? Ngozi ya binadamu ina chembechembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Mzungu na Mwafrika wana takriban idadi sawa ya chembechembe hizo. Tofauti ni kwamba zetu hutengeneza rangi nyingi zaidi na kuisambaza vizuri zaidi, na rangi hiyo ndiyo mwavuli wetu dhidi ya jua. Hata hivyo, chembechembe hizo zina wepesi wa kushtuka. Zikichokozwa na chunusi, upele, moto, wembe au hata kuumwa na mbu, hujibu kwa kumwaga rangi kupita kiasi pale pale palipoumia. Kidonda hupona, rangi ikabaki. Kwa hivyo lile doa jeusi lililo shavuni mwa mwanafunzi wa chuo si ugonjwa. Ni nyayo za ugonjwa uliopita, au ambao ungali unaendelea.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunafuta nyayo ilhali mwizi angali ndani ya nyumba. Msichana mwenye chunusi mpya kila wiki hatamaliza madoa hata anunue mafuta ya bei gani, kwa sababu kila chunusi inaacha doa lake. Na akiitumbua kwa kucha, anaongeza jeraha juu ya jeraha, na doa linaingia ndani zaidi. Dawa ya kwanza ya madoa ya aina hii, basi, ni dawa ya chunusi.

Wanaume nao wasicheke. Vile vipele vya kidevuni na kisogoni baada ya kutoka kwa kinyozi hutokana na nywele zetu za kipilipili, ambazo zikinyolewa hadi mzizini hujikunja na kurudi kuichoma ngozi. Kila kipele huacha weusi. Anayeacha ndevu fupi kwa kutumia mashine, badala ya kukwangua kwa wembe, huona nafuu bila kununua chochote.

Kuna madoa mengine ambayo hayatokani na kuumia. Mama mja mzito anaweza kuamka siku moja akaona mabaka ya hudhurungi kwenye paji la uso, mashavuni na juu ya mdomo, yamekaa pande zote mbili kana kwamba amevaa barakoa. Hii ni kazi ya homoni, zikisaidiwa na jua. Tembe za kupanga uzazi pia huweza kuyaleta. Kwa wengi, mabaka hayo hupungua baada ya kujifungua, ingawa si kwa kila mtu. Mama kama huyu hana haja ya kuona haya, wala ya kusikiliza mashemeji wanaonong'ona kwamba amejichubua.

Pia kuna weusi unaowatesa watoto bure. Ni ule mzito, laini kama mahameli, unaojitokeza shingoni na kwapani. Mama huuona akadhani mtoto haogi vizuri. Hapo hutafutwa sponji, na asiporidhika, jiwe la kusugulia miguu. Mtoto hulia, ngozi huchubuka, weusi huzidi. Msomaji, huo si uchafu! Aghalabu, hasa kwa mtoto au mtu mzima aliyenenepa kupita kiasi, ni ishara kwamba mwili haumudu vizuri kazi ya homoni ya insulini, na kisukari huenda kikafuata. Anachohitaji mtoto huyo ni kupimwa sukari, chakula cha nyumbani badala ya soda na chipsi za kila siku, na nafasi ya kucheza. Uzito ukipungua, shingo nayo mara nyingi husafika yenyewe.

Sasa turudi kwa kile kikopo cha River Road. Vitu vitatu ndivyo hutiwa humo: zebaki, haidrokwinoni, na dawa kali za steroidi kama klobetasoli. Mwaka 1998, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivi nchini. Miaka mingi imepita, na bado vinauzwa, vingine vikiwa vimekorogwa pamoja nyuma ya duka. Watu wa pwani na jirani zetu wa Tanzania huuita mchanganyiko huo mkorogo, na jina limeufaa.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, lakini hupenya na kuingia mwilini. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mja mzito humfikia mtoto aliye tumboni. Haiishii kwa anayejipaka pekee, kwani hubaki kwenye taulo na mito, na mtoto anayenyonya vidole baada ya kumshikashika mama yake huila. Watengenezaji hawaandiki "zebaki" kwenye sabuni zao, bila shaka. Ila kuna dokezo moja: ukiona maandishi yanayokuonya usiguse dhahabu, fedha au alumini baada ya kujipaka, rudisha kitu hicho dukani. Zebaki hushambulia madini hayo.

Steroidi ndizo hutoa ule muujiza wa wiki mbili. Hutuliza ngozi na kuipausha haraka. Baada ya miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa huonekana, chunusi na nywele huota usoni, na kidonda kidogo hukataa kupona. Ubaya zaidi ni kwamba ukiacha kupaka, uso huwaka moto na kufura, ukakimbilia kikopo kile kile ili upate nafuu. Ndivyo mteja anavyofungwa kamba.

Haidrokwinoni ina kisa chake. Ni dawa halali mikononi mwa daktari wa ngozi, ambaye huitoa kwa kipimo cha asilimia 2 hadi 4 na kwa miezi michache tu. Ikipakwa kiholela kwa miaka, huigeukia ngozi. Mnamo 1975, madaktari wa Afrika Kusini walieleza kuhusu wanawake waliokuwa wakiipaka ili weupe uzidi, wakaishia kuwa na weusi wa kibuluu mashavuni ambao ulikuwa mgumu mno kuondoa. Nchi hiyo iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Fikiria: mtu ananunua weupe, anapewa weusi usiofutika. Hata ule mzaha wa mitaani wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola hauchekeshi ukimwona mwenyewe.

Na wale wanaosema "mimi natumia vya asili tu"? Ndimu ni ya asili, naam. Pakaa maji yake usoni, kisha utoke juani kuanika nguo, uone. Ndimu na jua vikikutana kwenye ngozi huunguza, na mahali palipoungua huacha doa kubwa kuliko lile la awali. Dawa ya meno na magadi nazo zina kazi zake, na si usoni.

Matibabu ya kweli yapo, ila hayana haraka. Doa lililo juu juu huchukua miezi kufifia, na lililozama ndani huweza kuchukua miaka. Mwenye duka la dawa aliyesajiliwa au daktari anaweza kukupa asidi ya azelaiki, ambayo hutibu chunusi na madoa kwa pamoja na inaweza kutumiwa na mja mzito. Dawa za jamii ya vitamini A, kama tretinoini, hufanya kazi vizuri lakini mja mzito asiziguse. Niasinamaidi na vitamini C husaidia polepole. Anza na kimoja, si vyote kwa pamoja, maana ngozi ikiwashwa tu, inamwaga rangi tena. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi, na aliyekwisha kuzoea steroidi afike kwa daktari kabla ya kuziacha ghafla.

Juu ya yote hayo, jua. Wengi hudhani kwa kuwa Nairobi ina baridi mwezi Julai, jua halina makali. Mji huu uko karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na makali ya miale huzidi kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi hufaa, ikipakwa tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa mwenye mabaka ya homoni, ile yenye rangi ya ngozi ni bora, kwani rangi yake, inayotokana na chuma, huzuia hata mwanga wa kawaida, tena haikuachi uso ukiwa na majivu. Bei yake, kusema kweli, si ya kila mfuko. Kofia pana ya Gikomba au leso kichwani ni ya bei nafuu na haiishi kama losheni.

Kuna doa moja tu ambalo si la kusubiri. Ni lile linalotokea kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, likawa linakua, kubadilika rangi au kutoka damu. Wengi wetu weusi tuna mistari myeusi kwenye kucha isiyo na madhara, lakini mmoja unaopanuka na kumwagikia kwenye ngozi ni habari nyingine. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Ukiona la namna hiyo, daktari atakata kipande kidogo na kukipeleka maabara.