Hita ya gari

Hita ya gari ni mfumo unaopasha joto hewa ya ndani ya gari na kuipeleka pia kwenye kioo cha mbele ili kuondoa ukungu au barafu. Katika magari mengi ya petroli na dizeli hita haitengenezi joto lake yenyewe, bali hulichukua kutoka kwa maji yanayopoza injini. Kwa hiyo hita iliyodhoofika katika gari la zamani mara nyingi ni dalili ya hitilafu katika mfumo wa kupoza injini, na huweza kuonekana mapema kabla injini haijaanza kuchemsha.

Historia

Magari ya kwanza yalikuwa wazi na wasafiri walijikinga na baridi kwa makoti na mablanketi. Hita zilipoanza kufungwa, kwa miaka mingi ziliuzwa kama kifaa cha ziada. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilianza kuuza mfumo uliovuta hewa safi kutoka nje, ukaichuja na kuipasha joto kabla ya kuiingiza ndani. Tangu 1968 sheria za usalama za Marekani zinadai kila gari jipya liwe na njia ya kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele, na nchi za Ulaya zilipata kanuni yao ya pamoja baadaye. Sheria hizo zinahusu uwezo wa dereva kuona, wala si starehe ya abiria. Dereva asiyejali baridi bado anahitaji hita inayofanya kazi.

Jinsi inavyofanya kazi

Pampu huzungusha maji ndani ya injini. Maji yaliyopata moto huenda kwenye rejeta kubwa ya mbele kupoa, lakini sehemu yake hupita katika mipira miwili myembamba inayopenya ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Mipira hiyo inafika kwenye rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Feni ya umeme hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo, na hewa hutoka ikiwa na joto.

Ndani ya boksi la hita kuna vilango. Kimoja huamua kiasi cha hewa kitakachopita kwenye rejeta ndogo na kiasi kitakachopita kando yake. Vingine huamua kama hewa iende miguuni, usoni au kwenye kioo. Katika magari ya zamani vilango hivi huvutwa kwa kebo nyembamba za chuma au kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Baadhi ya magari yana pia valvu inayofunga maji ya hita wakati joto halihitajiki.

Kifaa kidogo chenye umuhimu mkubwa kuliko vyote hapa ni themostati. Hii ni valvu inayojifungua yenyewe kwa joto, kwa kawaida kati ya 80°C na 95°C. Injini ikiwa baridi, themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa, hivyo maji machache yaliyobaki hupata moto haraka, na hita hufaidika mapema.

Mazoea ya gereji za Afrika Mashariki

Watu wengi huona hita kama jambo la Ulaya au Japani. Lakini mtu anayeendesha alfajiri kupitia Limuru na Kinale nchini Kenya, au Njombe na Makete nchini Tanzania, hasa kati ya Juni na Agosti, anajua jinsi kioo kinavyoweza kufunikwa na ukungu ndani ya dakika chache. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba hita yao haitoi joto. Katika magari yaliyotumika kwa miaka mingi, chanzo mara nyingi ni mambo mawili yaliyofanywa gereji zamani, pengine na mmiliki aliyetangulia.

La kwanza ni kuondoa themostati. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, kwa hoja kwamba nchi zetu zina joto na haina kazi. Kweli themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini, lakini dawa yake ni kuweka mpya. Bila themostati maji hupita kwenye rejeta kubwa muda wote. Injini hukawia kupata moto, hutumia mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na hita hutoa hewa vuguvugu tu, hasa gari likishuka mlima au likienda kasi kwenye baridi. Zaidi ya hayo, katika injini kadhaa themostati hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na injini huweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo.

La pili ni kuikata hita. Rejeta ndogo ikivuja, kuibadilisha kunahitaji kufungua dashibodi nzima, kazi ya siku moja au zaidi. Basi fundi huunganisha ile mipira miwili pamoja upande wa injini, au huiziba. Gari linaendelea kutembea vizuri, na anayelinunua baadaye hajui lolote. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote inafaa kufungua boneti na kufuata mipira ya hita hadi kwenye ukuta. Ikiwa haifiki, jibu limepatikana.

Kutafuta hitilafu

Kazi huanza injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi wakati kuna moto: maji yaliyo ndani huwa na kanieneo kubwa na huweza kuruka usoni na kuunguza vibaya. Kifuniko kizuri hushikilia kanieneo ya takriban bar 1 juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa sababu hiyo maji huchemka karibu na 120°C badala ya 100°C. Penye mwinuko kama wa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye 94°C hivi. Kifuniko kilicholegea kinaleta hasara zaidi huko kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Kwanza huangaliwa kiwango cha maji. Rejeta ya hita katika magari mengi imekaa juu, hivyo maji yakipungua kidogo hewa hukusanyika humo kwanza. Dalili yake ni hita inayotoa joto wakati injini inazungushwa kwa nguvu na kupoa gari linaposimama, pamoja na sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi. Maji yakiongezwa na kupungua tena, kuna mahali yanapoenda: mpira uliopasuka, pampu inayovuja, au gasketi ya silinda hedi. Gasketi iliyoungua huingiza gesi ya mwako kwenye maji, na hewa hurudi kwenye hita kila baada ya kutolewa. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta mara tu injini inapowashwa ikiwa baridi, moshi mweupe usioisha na oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili za kumpeleka mtu kwa fundi siku hiyohiyo.

Kutoa hewa si kazi ngumu, ila inahitaji subira. Gari huegeshwa pua ikiwa juu, hita huwekwa kwenye joto la mwisho ili valvu ifunguke, kisha injini huwashwa ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi. Maji huongezwa taratibu kadiri yanavyoshuka, hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Baadhi ya injini zina skrubu maalumu ya kutolea hewa karibu na themostati.

Maji yakiwa yamejaa, kipimo bora ni mkono. Injini ikiwa imepata moto na hita imewekwa mwisho, mipira miwili ya hita huguswa kwa uangalifu, mbali na mkanda na feni.

Ikiwa yote miwili ni vuguvugu, maji yenyewe hayana moto wa kutosha. Themostati imekwama wazi au haipo. Geji ya joto inayokawia kupanda, au inayoshuka gari linapoteremka, inathibitisha hilo. Themostati iliyotolewa hupimwa jikoni: huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji hupashwa moto polepole. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizopigwa chapa juu yake.

Ikiwa mmoja ni wa moto na mwingine baridi, maji hayapiti. Valvu imefungwa, au rejeta ndogo imeziba. Kuziba ni kawaida pale ambapo gari limejazwa maji ya bomba au ya kisima kwa miaka, kwani chumvi na kutu hujijenga katika vijia vyake vyembamba. Unga wa kuzibia matundu ya rejeta nao huishia humohumo. Mipira huvuliwa na maji safi hupitishwa kinyumenyume, kwa msukumo mdogo, hadi yatoke safi. Msukumo mkubwa hupasua rejeta iliyochakaa, na hapo dashibodi italazimika kufunguliwa. Baadaye mfumo hujazwa kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kwa kawaida nusu kwa nusu katika nchi zenye barafu. Kulanti nyingi zina ethileni glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, hivyo isiachwe kwenye beseni penye watoto au mbwa.

Ikiwa yote miwili ni ya moto lakini hewa ni baridi, tatizo liko upande wa hewa. Kebo imechomoka au kilango cha kuchanganya hewa kimevunjika. Kidhibiti kinachosogea bila kushikwa na chochote ni dalili ya hilo. Hewa ikiwa na joto lakini ni chache, huangaliwa kichujio cha hewa ya ndani, ikiwa gari linacho, na majani yaliyokusanyika chini ya waipa. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya mwisho peke yake kwa kawaida imeunguza rezista yake, kifaa cha bei ndogo.

Kioo kinaposhika ukungu

Ukungu wa ndani hutokea hewa yenye unyevu inapogusa kioo baridi. Joto pekee halitoshi kuuondoa. Hewa kavu inahitajika pia. Kosa linaloonekana zaidi ni kuacha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimebonyezwa, kwa sababu pumzi za abiria hubaki ndani. Kiyoyozi kikiwashwa pamoja na hita hukausha hewa na kusafisha kioo haraka, ingawa katika magari mengi hakifanyi kazi baridi ikikaribia kuganda. Kioo chenye uchafu kwa ndani hushika ukungu upesi zaidi, hivyo kitambaa safi ni sehemu ya matengenezo.

Ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, harufu tamu ndani ya gari na zulia lililolowa miguuni ni dalili za rejeta ndogo inayovuja. Hapo ukungu huo ni kulanti, na kuwasha hita kunauongeza. Barafu ya nje hukwanguliwa. Maji ya moto hayamwagwi juu yake, kwa sababu kioo huweza kupasuka.

Magari yasiyo na maji

Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma haina rejeta. Injini yake hupozwa kwa hewa, na hita yake huchukua joto kutoka kwenye mabomba ya moshi yaliyozungukwa na maboksi ya chuma. Feni ya injini husukuma hewa kupitia maboksi hayo, kisha hewa husafiri hadi mbele ndani ya vizingiti vya milango. Njia ni ndefu, na kutu ikitoboa vizingiti, joto huishia barabarani kabla ya kufika kwenye kioo. Kebo za vilango nazo hushikwa na kutu.

Hatari iko kwenye yale maboksi. Bomba la moshi likitoboka ndani yake, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, huingia moja kwa moja kwa abiria. Kuumwa kichwa, kizunguzungu au usingizi hita ikiwa imewashwa ni sababu ya kusimama, kufungua madirisha na kushuka. Gari hilo halitumiwi na hita tena hadi maboksi yakaguliwe yakiwa yamefunguliwa.