Kabla ya Kununua Amplifaya Mpya, Kagueni Waya wa Mwanga



Katika ziara zangu za kukagua miradi, kuna usharika mmoja ambako swali lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuhusu kisima wala shule ya chekechea, bali stereo. Sebule ya nyumba ya wageni ya usharika huo ina televisheni bapa ukutani, pamoja na amplifaya na spika mbili zilizotolewa na wafadhili. Wageni wanaolala pale huchangia mapato ya usharika, na jioni kina mama na vijana hukutana hapo kutazama mafundisho. Tatizo lilikuwa sauti kukatika. Mara inatoka vizuri, mara inadonadona, mara kimya, kisha inarudi yenyewe. Kamati ya fedha ilikwisha kuandika katika muhtasari wake kwamba sehemu ya fedha za mnada wa mavuno inunue amplifaya mpya. Fedha hizo zilikuwa zimekusudiwa mabati ya darasa la Shule ya Jumapili.

Amplifaya haikuwa mbovu. Kwa kuwa sharika nyingi sasa zina televisheni za aina hii, nimeona nieleze tulichokikuta.

Televisheni nyingi za siku hizi hazina tena yale matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Badala yake zina tundu dogo la mraba, mara nyingi limeandikwa OPTICAL, na ukilitazama wakati televisheni imewashwa utaona mwanga mwekundu. Kampuni ya Toshiba ya Japani ndiyo iliyoanzisha aina hii ya kiungo mwaka 1983, nayo huitwa TOSLINK. Waya wake hauna shaba ndani. Una uzi wa plastiki angavu wenye unene wa milimita 1 hivi, na sauti hupita humo kama mwanga unaowaka na kufifia mamilioni ya mara kwa sekunde. Amplifaya huusoma mwanga huo na kuugeuza tena kuwa sauti.

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea pia mwanzoni. Tumezoea waya wa shaba, ambao ukichakaa sauti hukoroma au hupungua. Waya wa mwanga haupunguzi sauti. Mwanga ukifika wa kutosha, sauti ni safi kabisa. Ukipungua chini ya kiwango ambacho amplifaya inaweza kusoma, sauti hukatika ghafla. Ukiwa mpakani mwa kiwango hicho, sauti huja na kuondoka, na kila mtu husema amplifaya imechoka.

Urefu ndio adui wa kwanza. Kwa kawaida waya wa plastiki hutegemewa hadi mita 5, na ulio bora hadi mita 10 hivi. Wa sebule ile ulikuwa wa mita 15, kwa sababu kabati lenye kufuli liliwekwa pembe ya nyuma, mbali na televisheni. Katika mita 15 hadi 20 za plastiki hiyo, karibu nusu ya mwanga huwa imepotea njiani. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza swali zuri: mbona mkongo wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 unavuka bahari? Jibu ni kwamba mkongo ni uzi wa kioo safi sana, unasukumwa na leza, na njiani una vifaa vya kuongeza nguvu ya mwanga. Wetu ni plastiki na taa ndogo.

Urefu peke yake huenda ungevumilika. Tulipopanda darini tulikuta fundi ameubana waya kwa misumari na kuukunja kwenye kona kama anavyokunja waya wa umeme. Mwanga hupita kwenye kona pana, lakini kwenye kona kali huvuja. Usiukunje kwa duara dogo kuliko mdomo wa glasi ya chai, wala usiupige pini. Ncha ya nyuma ilikuwa na vumbi. Ifutwe taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Na kabla ya kulaumu chochote, hakikisheni vile vifuniko vidogo vya plastiki vya kuzuia vumbi vimeondolewa. Msicheke, hilo hutokea.

Jaribio lililomaliza ubishi lilichukua dakika kumi. Tulibeba amplifaya hadi chini ya televisheni, tukaunganisha kwa waya wa mita moja na nusu. Sauti haikukatika jioni nzima. Kama ingeendelea kukatika, tungeutilia shaka mtambo wenyewe. Kama kusingekuwa na sauti kabisa tangu mwanzo, au ingekosekana katika baadhi ya vipindi tu, tungefungua sehemu ya sauti katika mipangilio ya televisheni na kuchagua PCM, maana televisheni inaweza kutuma sauti ya Dolby Digital ambayo amplifaya nyingi za stereo haziielewi. Kifaa kinachotuma sauti ya kilohezi 96 nacho kinaweza kushindwa katika waya mrefu, ilhali kilohezi 48 zinapita.

Mnaweza pia kuchomoa ncha ya upande wa amplifaya na kuielekeza kwenye kiganja: mwanga mwekundu ukionekana, waya haujakatika. Lakini hilo halithibitishi kwamba mwanga unatosha. Na msijaribu kabisa kuchungulia nyuzi za intaneti zinazoletwa maofisini. Mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Kuunga waya mbili za mwanga kwa kiungio si dawa, kwa kuwa kila kiungio hupoteza mwanga mwingine. Tuliloshauri ni kuhamisha kabati na kurefusha waya za spika, ambazo ni shaba na huvumilia umbali. Kwa mita 15 na spika za omu 8, waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha. Zimeni umeme kwanza, na alama za kuongeza na kutoa zilingane pande zote mbili. Lipo pia kasha dogo la kugeuza mwanga kuwa umeme ili sauti iende kwa waya wa shaba, lakini sikulipendekeza. Waya wa mwanga haupitishi umeme wa radi kutoka chombo kimoja hadi kingine, wala haukaribishi ule mngurumo wa ethi, na katika maeneo yetu ya milimani faida hiyo si ndogo. Hata hivyo, radi bado inaweza kuingia kupitia plagi, hivyo zichomoeni.

Kwa wafadhili wetu, ombi dogo: mnapotuletea vyombo vya sauti, tuulizeni kwanza kabati litakaa wapi, kisha ongezeni roli la waya wa spika.

Ule waya wa mita 15 bado uko darini, kwa kuwa kuung'oa kungeharibu rangi mpya. Kamati ilifuta kipengele cha amplifaya katika kikao kilichofuata, na mabati yamekwisha kununuliwa.